Likizo mjini Sydney: kuilisha familia katika nyumba ya kujipikia

Familia zinazokodi nyumba yenye jiko hupunguza sana gharama za safari ya Australia. Lakini zinahitaji kuzijua sheria za uwanja wa ndege, tabia za ving'ora vya moshi, na majina ambayo vyakula vya nyumbani huuzwa kwayo katika jiji hilo.

SYDNEY

Saa moja ya jioni mjini Nairobi, Dar es Salaam au Unguja, wakati sufuria za chakula cha usiku ziko jikoni, mjini Sydney ni saa tisa ya usiku. Hiyo ndiyo tofauti ya saa nane iliyopo katika miezi ya joto ya Australia, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi mingine tofauti ni saa saba. Wazazi wanaosafiri na watoto kutoka Afrika ya Mashariki huitambua hali hiyo usiku wa kwanza: mtoto ameamka, tumbo lake bado linafuata saa ya nyumbani, na nje ni vigumu kuupata mkahawa ulio wazi.

Hiyo ni sababu mojawapo inayozifanya familia nyingi zikodi nyumba ya likizo yenye jiko badala ya vyumba vya hoteli. Sababu kubwa zaidi ni fedha. Ujira wa wapishi na wahudumu nchini Australia ni wa juu, na mlaji ndiye anayeulipa. Kisha iko kodi. Tangu mwezi Julai mwaka 2000 nchi hiyo hutoza kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10, lakini vyakula vya msingi kama nyama mbichi, samaki, mboga, mchele, mkate, mayai na maziwa vimesamehewa. Chakula cha moto kilichokwisha pikwa hakikusamehewa. Kwa familia ya watu watano au sita inayokaa wiki mbili, tofauti hiyo yaweza kuamua kama watoto watapanda boti kwenda Manly na kuwaona wanyama wa bustani ya Taronga, au watabaki kuyatazama maji ya bandari kutoka ukingoni. Familia za Kiislamu zina sababu ya tatu: jikoni mwao wenyewe hakuna shaka juu ya nyama wala mafuta.

Hata hivyo jiko peke yake halitoshi. Anayejaribu kuipakia Kariakoo nzima ndani ya sanduku hujikuta matatani kabla hajatoka uwanja wa ndege. Naye anayedhani kwamba Sydney haina chakula cha nyumbani huishia kununua vibanzi na soseji kila siku. Ukweli ni kwamba karibu kila kitu kinachohitajika kwa mlo wa familia ya Kiswahili kinapatikana katika jiji hilo, ila kimeandikwa kwa jina jingine na kinauzwa katika mtaa ambao watalii wengi hawaufiki.

Kilichomo ndani ya sanduku

Australia imezungukwa na bahari pande zote, na kwa sababu hiyo imeepukana na maradhi mengi ya mifugo na mimea yanayozisumbua nchi nyingine. Mlipuko wake wa mwisho wa ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa mwaka 1872. Serikali haitaki rekodi hiyo ivunjwe na mtu aliyebeba nyama kavu ndani ya begi.

Kila abiria anayeingia nchini hujaza tamko, la karatasi au la kidijitali, na humo huulizwa kama amebeba chakula, mimea, mbegu au vitu vya mbao. Jambo la kushika ni hili: anayetamka hapati adhabu, hata kama chakula chake kitachukuliwa na kuharibiwa. Anayeficha, au anayesema baadaye kwamba alisahau, huweza kutozwa faini ya papo hapo inayofikia maelfu ya dola, na viza yake yaweza kufutwa. Mwezi Oktoba mwaka 2019, katika uwanja wa ndege wa Sydney, mgeni kutoka Vietnam alikuwa mtalii wa kwanza kufutiwa viza na kurudishwa kwao chini ya kanuni zilizokazwa mwaka huo. Alikutwa na takriban kilo 10 za vyakula ambavyo hakuvitaja, nyama mbichi ya nguruwe ikiwemo. Hofu ya wakati ule ilikuwa homa ya nguruwe ya Afrika, iliyokuwa ikienea barani Asia. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na miaka karibu 100 baadaye ukawa sababu ya msafiri kukosa likizo yake upande wa pili wa dunia.

Kwa hiyo sambusa za nyama zilizobaki njiani, mayai ya kuchemsha, samli ya nyumbani, maembe na ndizi ni afadhali viliwe kabla ya kutua au viachwe ndani ya ndege. Hata tufaha lililotolewa na wahudumu wa ndege halifai kutoka nalo. Mbegu zinazoweza kuota, kama maharage na choroko, nazo huweza kuzuiliwa, na si hasara kubwa kwa kuwa zinapatikana madukani. Viungo vikavu vilivyo safi, kama iliki, mdalasini na karafuu, pamoja na majani ya chai yaliyofungwa kiwandani, kwa kawaida hurudishiwa mwenyewe baada ya kukaguliwa, mradi ametamka kuwa anavyo. Mwiko wa mti na kikapu cha ukindu pia ni lazima vitajwe, kwani mbao na majani makavu huweza kuficha wadudu. Mwiko una thamani ya kubebwa, maana vijiko vya plastiki vya nyumba za kukodi haviuwezi ugali. Mbuzi ya nazi ibaki nyumbani.

Chakula kilekile kwa jina jingine

Supamaketi zipo karibu kila mtaa, na nyingi hufunguliwa asubuhi mapema hadi usiku. Chini ya bei ya kila bidhaa huandikwa kwa herufi ndogo bei ya kila gramu 100, kila kilo au kila lita. Maduka makubwa yamelazimishwa na kanuni kufanya hivyo tangu mwezi Desemba mwaka 2009, na mzazi anayeisoma namba hiyo ndogo badala ya ile kubwa hugundua upesi kwamba mfuko mkubwa si rahisi siku zote. Mifuko myepesi ya plastiki ilipigwa marufuku katika jimbo la New South Wales mwezi Juni mwaka 2022, hivyo mnunuzi aende na wa kwake.

Lakini supamaketi ya katikati ya jiji ndiyo mahali ambapo mgeni hudhani chakula chake hakipo. Unga mweupe wa mahindi, kwa mfano, ni nadra kuonekana humo. Kinachopatikana ni unga wa manjano wenye chenga uitwao polenta, ambao hutoa ugali laini, mtamu kidogo, unaokubalika zaidi na watoto kuliko na baba yao. Mwenye kuutaka ule mweupe huelekea magharibi kwa treni, kwenye maduka ya Kiafrika ya Blacktown, mtaa wenye wakazi wengi kutoka Sudan, Kongo na nchi nyingine za Afrika.

Maduka ya Wahindi yana msaada mkubwa zaidi. Yamejaa Harris Park, karibu na Parramatta, na pia Liverpool, mahali walipohamia Wahindi wengi waliotoka visiwa vya Fiji. Wimbi huuzwa humo kwa jina la ragi. Choroko ni moong. Mbaazi ni toor au tuvar, na zile mbichi huwa zimegandishwa tayari, kiasi kwamba mbaazi za nazi zaweza kuwa mezani kwa muda wa nusu saa. Chapati zilizosukumwa na kugandishwa hutoka moja kwa moja kwenye jokofu hadi kikaangoni; bibi wa Tanga au Mombasa angezitazama kwa mashaka, lakini mama aliyeko likizoni naye ana haki ya kupumzika.

Mihogo na majimbi hayahitaji kutafutwa sana. Watu wa visiwa vya Pasifiki waliohamia Sydney hula mihogo, majimbi na tui la nazi karibu kama wanavyokula watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, na maduka yanayowahudumia huuza mihogo iliyokwisha menywa na kugandishwa. Mtaa wa Cabramatta, uliojengwa upya na wakimbizi kutoka Vietnam tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, una mchicha, matembele, bamia, ndimu na pilipili. Sukuma wiki haina ndugu wa kweli sokoni. Mboga iitwayo kale huikaribia ikikatwa nyembamba sana. Lakini ile ambayo Wakenya huiita spinachi, yenye mabua meupe manene, iko katika kila duka kwa jina la silverbeet.

Ndizi ziko tele na ni za shamba za humo humo nchini, kwani masharti ya karantini yamezizuia ndizi za nje. Faida hiyo ina upande wake wa pili. Mwezi Machi mwaka 2006 kimbunga Larry kiliyapiga mashamba ya Queensland na bei ya ndizi ikapanda hadi zaidi ya dola 10 kwa kilo. Mwaka 2011 kimbunga Yasi kikayarudia yaleyale. Msafiri anayefika baada ya kimbunga asishangae.

Nyama ya mbuzi ni kichekesho kidogo. Australia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nyama hiyo nje, lakini wenyeji wengi hawaili, na supamaketi nyingi hazina. Ipo kwa wauza nyama ya halali wa Lakemba na Auburn, ambako msikiti wa Lakemba ulifunguliwa mwaka 1977 na msikiti wa sasa wa Auburn mwaka 1999. Wachinjaji huikata wanavyoombwa, na mifupa ya supu hupatikana bila shida.

Samaki ndiye anayeleta utata mkubwa. Soko la Samaki la Sydney, kwenye ghuba ya Blackwattle karibu na katikati ya jiji, huwaparua na kuwasafisha samaki papo hapo. Mtu wa pwani aliyezoea kuambiwa kwamba nguru kwa Kiingereza ni kingfish, akiagiza kwa jina hilo, hupewa samaki mwingine kabisa, mwenye mafuta zaidi. Nguru kule huitwa Spanish mackerel. Snapper mdogo hukaribiana na changu na huenea vizuri ndani ya oveni. Mkizi, yule mwenye hasira zinazomfurahisha mvuvi, huitwa mullet. Wenyeji wengi humdharau na bei yake huwa ya chini, hasa kati ya Aprili na Juni makundi yake yanapopita pwani ya New South Wales. Anayekusudia kwenda sokoni humo siku mbili za mwisho kabla ya Krismasi ajiandae kwa msongamano, kwani kwa miaka mingi soko limekuwa likiuza usiku na mchana kwa saa 36 mfululizo katika siku hizo.

Moshi jikoni

Kuna hatari moja ambayo wageni wengi hawaijui hadi imewafika. Fleti za Sydney zina ving'ora vya moshi, na jiko la fleti halikujengwa kwa ajili ya karai la mandazi. Katika majengo mengi makubwa, king'ora kilicho ndani ya nyumba hulia humo tu, ilhali vile vya kwenye korido vimeunganishwa moja kwa moja na kikosi cha zimamoto. Mpishi aliyeshikwa na moshi wa samaki wa kukaanga hufanya jambo ambalo kila mtu angelifanya: hufungua mlango mkubwa ili moshi utoke. Moshi hutoka, huingia koridoni, na baada ya dakika chache gari la zimamoto liko chini ya jengo, wapangaji wote wakiwa nje na watoto wao. Kwa taarifa ya namna hiyo isiyo na moto, kikosi huweza kulitoza jengo zaidi ya dola 1,000, na wenye nyumba wengi humpelekea mpangaji hati ya malipo.

Jibu ni kufungua madirisha na mlango wa veranda, kuwasha feni ya kunyonya moshi kabla ya kuwasha jiko, na kuuacha mlango wa koridoni umefungwa. Lililo bora zaidi ni kuchagua mapishi ambayo hayatoi moshi. Vitunguu vya pilau, kwa mfano, hugeuka rangi vizuri kwenye moto wa wastani vikinyunyiziwa maji kidogo kila vinapotaka kushika.

Milo ya wiki

Usiku wa kwanza usipangiwe makubwa. Mkate, mayai, maziwa, ndizi na unga wa ragi kwa uji vinatosha kumtuliza mtoto anayeamka saa tisa. Maji ya bomba ni salama. Kuyanunua ya chupa ni kutupa fedha.

Samaki wa kupaka ndiye anayelifaa jiko la aina hii kuliko chakula kingine cha pwani. Snapper wa kilo moja au mkizi wawili huchanjwa, hupakwa chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, kisha huingia katika oveni yenye joto la nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25. Wakati huo tui zito la kopo huchemshwa pamoja na bizari na ukwaju kidogo hadi lipungue na kushikamana. Samaki hupakwa tui hilo pande zote, hurudishwa chini ya moto wa juu kwa dakika chache, na hutolewa linapoanza kupata madoa ya kahawia. Ladha ya mkaa haipo, na hakuna haja ya kudai kwamba ipo, lakini hakuna pia moshi. Wali wa nazi wa watu sita huhitaji vikombe vitatu vya mchele wa basmati, kopo moja la tui la mililita 400 na maji vikombe vitatu. Sufuria ifunikwe na karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, kwani vifuniko vya nyumba za kukodi aghalabu havikai sawasawa.

Siku ya uchovu ni siku ya kuku aliyekwisha chomwa. Mitaa ya Granville na Lakemba ina maduka ya Walebanoni yanayochoma kuku kwa mkaa na kumuuza pamoja na mkate mwembamba, achari na mchuzi mweupe wa kitunguu saumu ambao watoto humaliza kabla ya kuku. Kuku wa supamaketi ni wa bei nafuu lakini si lazima awe wa halali, hivyo lebo isomwe. Wakinunuliwa wawili, wa pili hunyofolewa na kuwa mchuzi wa nazi kesho yake, na mifupa ikachemshwa na viazi na karoti kuwa supu.

Pilau ya sufuria moja yafaa kubebwa kwenda pwani, lakini kwa uangalifu. Mamlaka za usalama wa chakula za Australia hufundisha kwamba chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 kwa muda mrefu: kabla ya saa mbili kwisha kiliwe au kirudi kwenye baridi, kati ya saa mbili na saa nne kiliwe tu, baada ya saa nne kitupwe. Katika jua la Januari kwenye mchanga wa Bondi, wali uliofungwa asubuhi si wa kuliwa alasiri.

Jiko la bure bustanini

Bustani za umma za Sydney zina majiko ya umeme ya kuchomea, bamba la chuma lililojengewa ndani ya meza ya matofali au ya chuma. Mtu hubonyeza kitufe, bamba hupata moto, na baada ya dakika kadhaa hujizima hadi libonyezwe tena. Mengi ni ya bure. Yapo katika bustani ya Bicentennial huko Homebush, katika bustani ya Parramatta, na pia Bronte, ambako watoto huweza kuogelea nyama ikiiva. Siku za Jumamosi na Jumapili familia za Kichina, Kisamoa, Kituruki na Kihindi hukutana kwenye majiko hayohayo. Desturi ni kwamba kila mmoja hupisha anapomaliza na hulifuta bamba kwa ajili ya anayefuata.

Kwa kuwa bamba hilo hilo huenda lilichoma soseji za nguruwe saa moja kabla, familia nyingi za Kiislamu hutandika karatasi nene ya aluminiamu juu yake. Mishikaki huiva vizuri hapo ikiwa nyama imekatwa vipande vidogo na kulazwa katika papai, tangawizi na ndimu tangu usiku. Mahindi huchukua muda mrefu kuliko kwenye mkaa, hivyo ni heri yachemshwe nyumbani na yamalizikie bambani, kisha yapakwe ndimu, chumvi na pilipili. Kachumbari hukatwa papo hapo.

Mkaa na kuni ni jambo jingine. Katika siku za joto kali na upepo, jimbo hutangaza marufuku ya moto, na mtu anayewasha mkaa nje siku hiyo hufanya kosa la jinai. Baada ya moto wa msituni wa mwaka 2019 na 2020, hakuna mwenyeji anayelichukulia tangazo hilo kwa mzaha. Majiko ya umeme ya bustanini kwa kawaida huendelea kuruhusiwa, lakini tangazo la siku lisomwe kwanza.

Familia inayoondoka Sydney kuendelea na safari kwa gari hadi Adelaide iyale matunda yote kabla ya mpaka wa jimbo la Australia Kusini, ambako hukaguliwa na kuchukuliwa kwa sababu ya nzi wa matunda. Mchele, unga na viungo vilivyobaki huweza kuachiwa jamaa au majirani. Makopo ya soda na chupa za maji ya matunda zisitupwe: tangu mwezi Desemba mwaka 2017 jimbo la New South Wales hulipa senti 10 kwa kila moja inayorudishwa kwenye mashine maalumu, na kazi hiyo watoto huifanya bila kuombwa mara mbili.